Injini inayonasa gazi ikifungwa: kisa cha Honda RS125R moja ya Lubumbashi

"Yaya, moto inasere. Kila mara mwisho ya mnyoosho inanikamata."

Hivyo ndivyo mwenye pikipiki alivyonieleza tatizo siku alipoishusha kwenye pikapu. Waliomsaidia kabla yangu walisikia "inasere", yaani pistoni inanasa ndani ya silinda, wakakimbilia kabureta. Hakuna aliyesimama kwenye "mwisho ya mnyoosho", yaani pale sehemu iliyonyooka ya uwanja inapoishia. Nitakieleza kisa hiki kwa urefu, kwa sababu pikipiki za mbio zinazofika Katanga ni chache, zinafika zikiwa zimezeeka, na wenyewe wanaunguza pistoni na fedha kwa ugonjwa unaoweza kupimwa asubuhi moja bila kuwasha injini.

Mashine

Honda RS125R haikuundwa kwa barabara. Haina taa, haina honi, haina stendi, haina kiki wala kitufe cha kuwashia. Unaingiza gia, unabana klachi, unaisukuma ukikimbia, unaachia klachi na kurukia kiti. Iliuzwa kwa wakimbiaji wa daraja la cc 125, lililokuwamo kwenye mashindano ya dunia tangu 1949 hadi 2011, kisha mwaka 2012 likaipisha Moto3 yenye injini za mapigo manne za cc 250. Inayozungumziwa hapa ni ya muundo uliotoka 1995: silinda moja, mapigo mawili, inapozwa kwa maji, kipenyo cha silinda milimita 54, mwendo wa pistoni milimita 54.5, gia sita. Nguvu yake yote iko juu kabisa, kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika na zaidi.

Hii moja ilinunuliwa upande wa Johannesburg na kijana mfanyabiashara wa Kamalondo, hapa Lubumbashi. Ilikuwa imelala gereji kwa miaka. Ikapanda lori, ikapita Zambia, ikaingilia Kasumbalesa. Haigusi barabara ya mji hata kidogo: inabebwa kwa pikapu hadi uwanja wa karti wa mtu binafsi, lango linafungwa, inakimbia, inarudi kwa pikapu. Ninamheshimu sana kwa kushika utaratibu huo, maana kishawishi cha kuipitisha barabara ya Lumumba Jumapili jioni ni kikubwa, na mashine isiyo na taa wala vioo, yenye matairi yanayotaka joto kabla ya kushika lami, itamuua mtu.

Hakupewa daftari. Hilo ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Kwenye pikipiki za manseba zinazobeba abiria hapa mjini, injini inakuambia polepole kwamba imechoka. Injini ya mbio ya mapigo mawili haiongei polepole. Pistoni, ringi, konrodi (mkono unaoiunga pistoni na krenki, ile shafti inayozunguka) na beringi zake zina umri wa kuhesabiwa, na anayeiuza bila maandishi anakuuzia chuma pamoja na umri usiojulikana. Ushauri wangu kwa kila anayenunua mashine ya namna hii ni kuhesabu kwamba injini itafunguliwa kabla ya kukimbizwa, na gharama hiyo iwekwe kwenye bei tangu siku ya mapatano.

Jambo moja la utendaji lazima lieleweke kabla ya kuendelea. Kwenye injini ya mapigo mawili, kasha la krenki ni pampu. Pistoni ikipanda, kasha linavuta hewa na petroli kupitia kabureta na ridi, vile vibapa vyembamba vinavyofunguka kuelekea ndani tu. Pistoni ikishuka, mchanganyiko ule unasukumwa juu yake kupitia njia za pembeni ya silinda. Kwa hiyo kasha lazima lishike hewa pande zote. Sehemu mbili krenki inatokeza nje: upande wa klachi, ambako kuna oili ya gia, na upande wa magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa plagi, ambako ni pakavu. Kila upande una sili ya raba iliyobusu chuma kinachozunguka. Sili ya upande wa klachi ikifa, injini inavuta oili ya gia: moshi mweupe, plagi iliyolowa, oili inapungua bila kuvuja nje. Sili ya upande wa magneto ikifa, injini inavuta hewa tupu, na hiyo haionekani.

Pistoni zilisema nini

Kijana alikuja na pistoni zake zilizokufa ndani ya mfuko wa plastiki. Nilifurahi kuliko kama angeniletea injini mpya. Mafundi wengi wanazitupa, na pistoni iliyonasa ni maandishi.

Alama za kunasa zinasomwa kwa mahali zilipo. Ukikuta mistari minne membamba kwenye pembe nne za pistoni, injini ilikimbizwa ikiwa baridi. Pistoni ilitanuka haraka kuliko silinda. Ukikuta imekwaruzwa pande zote, na upande wa kuingilia hewa umechubuka kama ule wa ekzosi, oili ilikosekana. Ukikuta ukingo wa kichwa cha pistoni umedonolewa-donolewa, au katikati kuna tundu, huo ni mlipuko usio wa kawaida: petroli dhaifu, moto wa plagi unaowahi mno, au mgandamizo uliozidi. Na ukikuta uharibifu uko upande wa ekzosi tu, ambako gesi iliyoungua inatokea na ambako pistoni ina joto kali kuliko kwingine, basi pistoni ilichemka. Mchanganyiko ulikuwa mkavu, yaani hewa nyingi na petroli kidogo.

Pistoni hizi zilikuwa za mwisho. Upande wa ekzosi umepakazwa alumini kwa upana wa vidole viwili, upande wa pili bado una mistari ya kiwandani. Kichwa ni cha rangi hafifu, kikavu, bila donoa hata moja.

Kwa hiyo mambo kadhaa yaliondoka mezani mara moja. Petroli mbaya ilikuwa shutuma ya kwanza, na si ya kijinga, kwa kuwa petroli ya kadhafi wa pembeni ya barabara, ile ya chupa na vidumu, inaweza kuwa imechanganywa na mafuta ya taa, na mafuta ya taa yanaangusha okteni, yaani uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila kulipuka ovyo. Lakini okteni ikianguka ukingo wa pistoni unadonolewa, na hapa haukudonolewa. Kijana alinunua kwenye pampu ya kituo. Tulidondosha tone kwenye karatasi safi: likakauka lote bila kuacha duara la mafuta. Tukasonga mbele.

Oili nayo. Anachanganya 30 kwa 1. Nilimwomba anichanganyie mbele yangu, si kwa kumshuku bali kwa sababu kosa la chombo cha kupimia ni la kawaida. Lita 20 za petroli zinataka mililita 667 za oili, na ndivyo alivyomimina. Rafiki yake alikuwa amemshauri apande hadi 20 kwa 1 "ili injini ilainike". Nilimkataza. Jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, inapima kimiminika kinachopita, haijui kipi ni petroli na kipi ni oili. Ukizidisha oili, kila tone linalopita lina petroli pungufu, na mchanganyiko unazidi kukauka. Kwa injini inayokufa kwa ukavu, hiyo ni kwenda kinyume cha dawa.

Jeti na hewa ya Lubumbashi

"Sasa mulibadilisha nini?" nilimwuliza.

"Jikleri. Tuliongeza, tukaongeza tena."

Jikleri, jeti kuu ya kabureta, ndiyo inayoamua petroli ngapi inapita gazi, yaani kishikio cha kuongeza mwendo, ikiwa imefunguliwa kuanzia robo tatu hadi yote. Sababu yao ya kuiongeza ilikuwa na akili ndani yake. Johannesburg iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Lubumbashi iko karibu mita 1,200. Hewa ya hapa ni nzito zaidi, na pikipiki iliyopangwa kule ikifika hapa inakuta oksijeni nyingi kuliko petroli yake. Wengi wanadhani kwamba kila anayepanda kuja Katanga anapunguza jeti. Hilo ni kweli kwa anayetoka Durban au Mombasa. Anayetoka Johannesburg anashuka, hivyo anaongeza.

Ila aongeze kiasi gani? Hapo ndipo niliomba kalamu. Kutoka mita 1,700 kushuka 1,200, uzito wa hewa unaongezeka kama asilimia 5 hadi 6 joto likiwa lilelile. Juni na Julai asubuhi ya Lubumbashi inaweza kufika nyuzi 8 hivi, na mchana ikapanda hadi 26. Tofauti hiyo peke yake ni asilimia 6 nyingine ya uzito wa hewa. Chukua hali mbaya kabisa: pikipiki iliyopangwa kwa mchana wa joto wa Johannesburg, ikakimbizwa asubuhi ya baridi hapa. Hewa imezidi kama asilimia 12. Lakini kabureta inajisaidia yenyewe, kwa kuwa hewa nzito zaidi inavuta petroli zaidi kupitia tundu lilelile. Inafidia karibu nusu. Deni linalobaki kwa jeti ni kama asilimia 6 ya eneo la tundu.

Tulipima matundu kwa pini. Jeti iliyokuja na pikipiki ilikuwa ya milimita 1.65. Iliyokuwa ndani siku hiyo ilikuwa ya 1.80. Eneo la tundu linakwenda kwa kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo petroli ilikuwa imeongezwa karibu asilimia 19. Mara tatu ya kile ambacho hewa ya Lubumbashi, katika hali yake kali kuliko zote, ingeweza kudai. Na bado pistoni zilikuwa zinachemka.

Kwangu hiyo ndiyo alama kuu ya kisa hiki. Ukijikuta unaongeza jeti kuliko mwinuko na baridi vinavyoweza kueleza, acha kuongeza. Hewa ya ziada inaingia kwa mlango mwingine.

Nikarudi kwenye maneno yake.

"Inakukamata ukiwa umefungua gazi yote, ao wakati unaanza kufunga?"

Alinyamaza, akainua mkono wa kulia hewani, akageuza kiganja kama yuko juu ya pikipiki. Alirudia kitendo kile mara kadhaa.

"Wakati ninafunga. Ninafunga, ninakamata breki, ndiyo inasere."

Hapo jeti kuu ilitoka kwenye kesi. Gazi ikifungwa, jeti kuu haina kauli. Inayotoa petroli ni jeti ndogo ya chini, na ni kidogo sana. Injini bado inazunguka kwa nguvu kwa sababu gurudumu la nyuma linaisukuma. Kasha linavuta kwa nguvu dhidi ya mlango wa kabureta uliofungwa, na kama kuna tundu mahali pengine, ndipo linapopata fursa yake. Gazi ikiwa wazi, tundu dogo linaongeza sehemu ndogo tu juu ya mto mkubwa wa hewa. Gazi ikifungwa, tundu lilelile linaweza kuingiza hewa inayoshindana na ile ya kabureta. Na kwa kuwa oili ya injini hii inakuja na petroli, ukavu huo unakuja pamoja na kukosa ulainisho, wakati pistoni iko kwenye joto lake la juu kabisa baada ya mnyoosho mzima.

Nilimwuliza pia kama injini inachelewa kushuka anapofunga gazi akiwa amebana klachi. Akasema ndiyo, inabaki ikilia juu kidogo kisha inaanguka. Alidhani kebo ya gazi inanata. Kebo ilikuwa huru.

Kuhusu plagi waliyokuwa wakiisoma: ilikuwa nyeupe kila mara, na weupe huo ndio uliowapa moyo wa kuongeza jeti. Lakini walikuwa wakiifungua baada ya kurudi taratibu hadi kwenye pikapu, gazi ikiwa imefungwa. Plagi ilikuwa inawaeleza hali ya safari ya kurudi, wao wakaielewa kuwa ya mnyoosho. Anayetaka kusoma jeti kuu lazima akate moto na kubana klachi gazi ikiwa wazi kabisa, kisha ajiachie hadi pembeni na afungue plagi palepale.

Kupima kasha

Kifaa cha kupimia tulikitengeneza. Ekzosi ikatolewa, mdomo wa silinda ukazibwa kwa raba iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori, ikabanwa na bapa la alumini. Kabureta ikatolewa, mahali pake tukaingiza kizibo chenye bomba dogo. Kwenye bomba hilo tukaunga geji na mpira wa kupulizia wa kipimo cha shinikizo la damu, kile cha kizamani chenye saa ya mshale. Kinafaa sana. Kinasoma hadi milimita 300 za zebaki, ambazo ni bari 0.4, na hicho ndicho kiasi kinachotakiwa. Geji ya matairi ni pana mno kuona mabadiliko madogo, na kompresa ya gereji inaweza kuzitoa sili mahali pake. Usipite kiwango hicho. Pistoni iwekwe chini ili njia za pembeni ziwe wazi na silinda na kasha viwe chumba kimoja.

Kanuni inayotumiwa na mafundi wa mapigo mawili ni kwamba shinikizo lisishuke zaidi ya pauni moja kwa inchi ya mraba kila dakika, yaani kama milimita 52 za zebaki. Injini ya mbio iliyofungwa vizuri inafanya vizuri zaidi ya hapo.

Tulipuliza hadi 300. Kwanza tukapaka maji ya sabuni kwenye vizibo vyetu wenyewe, kwa sababu kizibo kinachovuja kinakupeleka mbali na ukweli. Vilikuwa vizima. Mshale ulianguka hadi 100 kabla dakika haijaisha.

Kisha sabuni ikazunguka: chini ya silinda, kwenye kichwa, kwenye plagi, kwenye ukingo wa ridi, kwenye mshono wa kasha. Kimya. Kwenye bomba la kupumulia la sanduku la gia tukaweka utando wa sabuni. Kama sili ya upande wa klachi ingekuwa inavuja, hewa ingepita kwenye oili ya gia na utando ungevimba. Haukuvimba. Tukafungua kifuniko cha magneto.

Povu lilikuwa linatoka nyuma ya sumaku, dogodogo, mfululizo. Tulipoitoa sumaku kwa kifaa chake cha kuivuta, nyuma yake palikuwa na tope jekundu lililoshikana na oili. Hilo lilinieleza kwamba uvujaji ni wa muda mrefu: pistoni ikipanda sili ilivuta hewa, ikishuka ilitema mvuke wa petroli na oili, petroli ikakauka, oili ikabaki na kukamata vumbi la kiangazi letu. Upande huo wa injini unatakiwa kuwa mkavu. Yeyote mwenye pikipiki ya mapigo mawili anaweza kufungua kifuniko hicho kwa dakika chache na kutazama, hata kama hana geji.

Tulipima pia kwa kuvuta badala ya kupuliza, ridi zikiwa zimetolewa, maana ukivuta zinajifunga. Mdomo wa sili umeelekea upande mmoja. Shinikizo la ndani linaweza kuukandamiza kwenye chuma ukashika, na uvutaji ukaunyanyua. Kwenye injini hii kuvuja kulionekana kwa kupuliza na kwa kuvuta pia, lakini nimeona nyingine zinazopita mtihani wa kupuliza na kushindwa wa kuvuta.

Kwa nini sili ilikufa

Kubadilisha sili na kufunga ingekuwa rahisi, na ingetupa mwezi mmoja wa furaha. Tulifungua kasha zima. Sababu ya kwanza ni kwamba pistoni iliyonasa inamwaga chembe za alumini, na chembe hizo zinashuka kwenye beringi ya konrodi. Ya pili ni kwamba sili haifi bila sababu.

Raba yake ilikuwa imekauka. Ukiikunja mdomo unapasuka vipande. Hiyo ni kazi ya miaka ya kulala. Lakini pale krenki ilipokuwa inakutana na mdomo wa sili palikuwa na mstari wa kutu, na kwenye mstari huo ukucha ulinasa. Krenki ilikuwa imesimama mahali pamoja bila kuzunguka, unyevu ukajikusanya chini ya mdomo. Injini ilipowashwa tena, ukingo wa kutu ulikuwa unailamba raba kwa mizunguko zaidi ya 10,000 kila dakika. Sili mpya ingekatwa vilevile.

Tukaipeleka krenki kwa papa mmoja wa kerezo, mtu aliyezeeka kwenye karakana za migodi. Mji huu umejengwa juu ya shaba, na faida moja tuliyobaki nayo ni mikono kama ya huyo papa. Aliiweka krenki kati ya ncha mbili, akasogeza saa ya kupimia, akaizungusha polepole kwa kidole. Mpotoko ulikuwa sehemu mbili za mia za milimita. Krenki ilikuwa nyoofu.

"Papa, hii kutu tunaweza kuitoa yote?"

"Mwanangu, ukitoa yote chuma itakonda, na sili itakuwa kama mtu aliyevaa nguo ya kakaye."

Akaisugua kwa utepe mwembamba wa msasa wenye oili, krenki ikizunguka, hadi ukingo ukalainika lakini mfereji wenyewe ukabaki hafifu. Kisha tukafanya kile mafundi wa zamani wanachofanya: sili mpya ikakaa ndani zaidi kwa milimita moja, mdomo wake ukaangukia chuma ambacho hakijawahi kuguswa. Lazima uhakikishe kwamba huko ndani haigusi beringi wala haizibi njia yake ya kupata oili. Hapa nafasi ilikuwepo.

Sili zenyewe ni habari ya peke yake. Maduka ya beringi ya mjini, yanayouzia migodi, yana sili za kila kipimo, na vipimo vya ndani, nje na unene vimeandikwa juu yake. Ila kipimo si kila kitu. Shafti ya milimita 20 ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, mdomo wa sili unasuguliwa kwa zaidi ya mita 12 kila sekunde. Raba ya kawaida ya naitrili hapo iko kwenye ukingo wa uwezo wake, na petroli inaichosha. Aina ya florini, inayoitwa FKM, inabeba mwendo mkubwa zaidi na joto zaidi. Mara nyingi ya kahawia ni FKM na nyeusi ni naitrili, lakini rangi si ushahidi. Omba karatasi ya pakiti usome aina. Tulibadilisha na ile ya upande wa klachi, kwa kuwa ina umri uleule.

Silinda, kisha uwanjani

Silinda ya mashine hii ni ya alumini iliyopakwa tabaka la nikeli lenye chembe za silikoni kabaidi. Ni gumu sana. Pistoni inaponasa, mara nyingi alumini yake inabaki imepakazwa juu ya tabaka hilo huku tabaka lenyewe likiwa zima, na watu wanatupa silinda nzima bila sababu. Alumini iliyopakazwa inatolewa kwa asidi ya haidrokloriki, ile inayouzwa kwa kusafishia vigae: glavu, miwani, nje penye hewa, kijiti chenye pamba, na kugusa alama tu. Asidi hailidhuru tabaka la nikeli lakini inaula mwili wa alumini, kwa hiyo usiikaribie midomo ya matundu ambako tabaka linaishia. Inachemka, unafuta, unarudia, unasuuza kwa maji mengi, unapaka oili palepale. Ukucha ukapita ukutani bila kukwama. Silinda ilipona.

Pistoni mpya, ringi, pini na beringi ya juu ya konrodi. Kasha likaoshwa. Kabla ya maji na petroli, geji ya damu ikarudi: 300, na baada ya dakika kadhaa mshale ulikuwa bado juu ya 290.

Asubuhi ya kwanza uwanjani ilikuwa ya baridi. Injini za aina hii zinapenda maji ya nyuzi 55 hivi, na kwenye baridi ya Juni radieta inapoza kupita kiasi. Tuliziba sehemu yake kwa mkanda wa gundi na kusubiri joto kabla ya kumruhusu afungue gazi. Maji ni matupu, bila dawa ya radieta, kwa kuwa ikimwagika kwenye lami inateleza na kumwangusha anayekuja nyuma.

Jeti ya 1.80 ilibaki kwa makusudi mwanzoni, na sasa ilionyesha rangi yake halisi. Juu ya mizunguko injini ilibwabwaja na kukataa kupanda, plagi ikatoka nyeusi. Mlango wa pili ulipozibwa, petroli yote ile haikuwa na hewa ya kuungua nayo. Tukashuka hadi 1.72 kwa siku za kuzoesha pistoni, kisha 1.70 asubuhi na 1.68 mchana. Ukichukua 1.70 juu ya 1.65 unapata nyongeza ya asilimia 6 ya eneo. Hiyo ndiyo hesabu ya karatasi tuliyoifanya kabla ya kugusa spana. Kufunga gazi mwisho wa mnyoosho sasa kunaangusha sauti ya injini mara moja.

Daftari limefunguliwa: saa za injini, jeti, joto la hewa, joto la maji, upepo wa matairi, na shinikizo la kasha. Kilichobaki ni konrodi. Mchezo wake wa pembeni uko ndani ya kipimo lakini karibu na ukomo, na kwa injini isiyo na historia sitaki kuubahatisha, kwa sababu konrodi ikikatika inachukua kasha pamoja nayo. Seti ya konrodi, pini na beringi imeagizwa. Hadi ifike, kijana amekubali kukimbia vipindi vifupi, kushusha mizunguko ya juu kabisa, na kupima kasha kwa ile geji kabla ya kila siku ya uwanja.